Samaki wa tangi la maji ya bahari: umvue mwenyewe, umnunue kwa mvuvi, au umchukue aliyezalishwa?

Mara ya kwanza nilipopanda na samaki wa urembo kutoka kina cha mita 15, nilidhani kazi ngumu ilikuwa kumkamata. Alikuwa kitatange mdogo, hafiki hata urefu wa kidole cha shahada, kichwa na mgongo rangi ya chungwa, ubavu buluu iliyokolea. Nilimpata kwenye vifusi vya matumbawe, nikamwelekeza kwenye chupa, nikafunga, nikapanda kwa mwendo uleule ninaopanda nao siku zote. Mimi nilifika juu salama. Yeye alifika amelala ubavu, tumbo limefura, akipiga mkia kurudi chini na maji yakimrudisha juu. Alikufa usiku uleule.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aanze na samaki wa kuvua mwenyewe, wa kununua kwa wavuvi au wa kuzalishwa, siangalii bei kwanza. Naangalia safari. Kutoka kwenye mwamba, au kwenye beseni la mzalishaji, hadi kwenye tangi la sebuleni, samaki huyu amepanda kina gani, amepita mikono mingapi, amelala kwenye mfuko saa ngapi? Wengi niliowaona wakifa wiki ya kwanza, tangi halikuwa na kosa. Waliumia njiani.

Ninaandika nikiwa na pwani ya Kenya akilini, kuanzia Shimoni hadi Kilifi, kwa sababu huku njia zote tatu zinakutana: bahari ipo, wavuvi wenye leseni ya samaki wa urembo wapo, na wauzaji wa mjini nao wapo.

Jambo moja kabla ya yote. Njia yoyote utakayochagua, tangi litangulie. Maji ya chumvi yakae yakizunguka wiki 4 hadi 6, mpaka bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, wawe wameshika kazi. Ukipima ukakuta amonia bado ipo, hujawa tayari, hata kama samaki ni wa bure.

Kumvua mwenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayowashauri watu wachache zaidi waifuate.

Sheria kwanza. Ndani ya hifadhi za taifa za baharini, yaani Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, hutoi kitu: si samaki, si tumbawe, si hata ganda tupu. Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968. Nje ya hapo, kukusanya samaki wa urembo ni uvuvi kama uvuvi mwingine, na uko chini ya Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016. Kila ufuo una BMU yake, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na wazee wa BMU wanajua nani anavua nini na wapi. Pita ofisi ya uvuvi kabla hujalowa. Usijiambie kwamba samaki watatu wa nyumbani si uvuvi.

Walioko Florida wana hali tofauti, kwa sababu kule sheria inamtambua mtu wa tangi la nyumbani. Kwa leseni ya kawaida ya uvuvi wa baharini anaruhusiwa viumbe 20 kwa siku, wasizidi 5 wa aina moja, na matumbawe magumu hayaguswi kabisa. Hicho kipimo cha aina moja nakipenda. Mwamba mmoja ukiwa na samaki wanane wa aina fulani, mtu mmoja mwenye tamaa anaweza kuwamaliza kwa asubuhi moja, na samaki wengi wa mwamba wakishakaa mahali hawahami. Mimi huishia kwa wawili.

Sasa kazi yenyewe. Wavu wa kuzuia ni wa uzi mwembamba usioonekana majini, una risasi chini na maboya madogo juu, na unasimamishwa kama ukuta nusu duara. Mzee mmoja wa Shimoni aliyenifundisha alinishika mkono siku ya kwanza nilipoanza kumkimbiza samaki huku na huku. Tulipopanda mashuani akaniambia, "Mwanangu, ukimkimbiza anaingia tunduni. Ukitulia, atatoka kukutazama."

Tuliposhuka tena nikakaa pembeni kumtazama. Alipiga magoti kwenye mchanga, mbali na tumbawe, wavu umeshasimama nyuma ya samaki. Kwa kijiti chembamba akagusa mwamba upande wa pili, mara moja, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Samaki akatoka, akasogea taratibu kuelekea wavuni, akasimama mbele ya uzi asiouona. Mzee akamwekea mbele chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, akasogeza kiganja nyuma ya mkia wake, na samaki akaingia mwenyewe. Wavu haukumgusa.

Kutoguswa huko ndiko kunakotenganisha samaki atakayeishi na atakayekufa. Ngozi ya samaki ina ute unaomkinga na vijidudu, na uzi wa wavu huukwangua. Samaki aitwaye kangaja ana mwiba mkali kama kisu kila upande wa mkia, kitatange wa aina ile niliyoitaja ana mwiba shavuni, na vyote viwili hunasa kwenye matundu. Ukimnasua kwa nguvu, unamwachia jeraha ambalo hulioni siku hiyo. Utaliona baada ya siku tano, likiwa jeupe kama pamba.

Halafu kuna kina. Kitatange, kangaja na wengi wa mwambani wana kibofu cha hewa kilichofungwa, hakina njia ya kwenda mdomoni. Kutoka mita 15 hadi juu, hewa iliyomo hutanuka mara mbili na nusu. Wewe unapumua, inatoka. Yeye lazima aisubiri ifyonzwe na damu polepole, kwa saa nyingi. Kwa hiyo wavuvi wanaojua kazi huwatia kwenye ndoo yenye matundu na kifuniko, huifunga kwenye kamba, na kuipandisha kwa vituo. Wengine hutoboa kibofu kwa sindano nyembamba. Nimeona mikono mizoefu ikifanya hivyo na samaki akaogelea dakika hiyohiyo, lakini kwa anayejifunza sikushauri hata kidogo: sindano ikikosea upana wa punje ya mchele, imeingia kwenye figo.

Na kina hakimtishi samaki peke yake. Anayeshuka na kupanda mara nne asubuhi moja kuangalia ndoo zake, akiwa na mtungi mgongoni, anajiwekea naitrojeni mwilini kwa namna ambayo hakuna mwalimu wa mbizi atakayeikubali. Macho yakiwa kwa samaki, hayapo kwenye kipimo cha hewa. Kama huna mbizi nyingi nyuma yako, usiunganishe mtungi na wavu. Hapa sina nafasi ya kulegeza.

Kinachobaki kwa mtu wa kawaida ni maji mafupi, na maji mafupi yanatosha. Siku za bamvua, maji yakipwa, ndani ya ukingo wa mwamba unapata mabwawa ya mita moja au mbili ambamo miwani na bomba la kupumulia vinakutosha. Msimu wa kaskazi ni mzuri zaidi kwa sababu bahari hutulia na maji huwa maangavu. Wakati wa kusi mchanga unapanda na huoni kitu. Mle mabwawani wamo wale samaki wadogo wa kukaa chini, vichwa butu, macho juu kama chura, wanaokwangua mwani kwenye mawe. Wengi wa jamii hiyo wakishakua hawana kibofu cha hewa, kwa hiyo suala la kupanda haliwasumbui, na ukiwa na mawe yenye mwani wa kutosha tangini, huyo ni mgeni mwema. Jihadhari na wale wadogo wa mistari mitano myeusi wanaojaa kila kona ya bwawa. Wanapendeza wakiwa na ukubwa wa sarafu. Hukua hadi kuzidi kiganja, na wakikua hupiga kila mwenzao tangini.

Faida ya njia hii ni kubwa: mikono ni miwili tu, yako. Unajua saa aliyotoka, unajua alikuwa anakula nini, unaweza hata kubeba maji yake. (Ila usiteke maji karibu na mlango wa mto wakati wa masika, mvua huyachujua chumvi.) Lakini faida hiyo ipo tu kama unakaa saa moja au mbili kutoka ufukweni. Mtu wa Nairobi anayekuja likizo ya wiki moja, akavua siku ya mwisho na kupanda basi la usiku na ndoo, amechukua ugumu wote wa njia hii na kuacha faida yake.

Kununua kwa mvuvi mwenye leseni

Wanunuzi wengi wa mjini hawajui kwamba mvuvi wa samaki wa urembo hafanani na duka. Duka linakuuzia lilichonacho. Mvuvi unaweza kumwagiza. Unamwambia unataka nini na wa ukubwa gani, naye anakwenda kumtafuta huyo na kuwaacha wengine pale walipo. Kwa mwamba, hiyo ni tofauti kubwa.

Chukua mfano wa samaki wa anemoni wetu wa huku, yule wa rangi ya waridi iliyopauka mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni. Ndani ya anemoni moja, yaani kiumbe laini kinachofanana na ua ambamo samaki hawa huishi, kuna mkubwa ambaye ni jike, anayemfuata ambaye ni dume lake, halafu wadogo kadhaa wanaongoja zamu. Wote huanza maisha kama dume. Ukimwondoa jike, dume lake hubadilika kuwa jike, na mdogo wa juu hupanda cheo, lakini mpaka hayo yakamilike hakuna mayai pale. Ukimchukua mdogo wa mwisho, nyumba inaendelea kama ilivyokuwa. Mvuvi mwenye ujuzi anajua hili bila kulisoma popote. Mnunuzi anayetaka "yule mkubwa mwenye rangi" ndiye anayemlazimisha kuvunja nyumba. Basi agiza wadogo. Kwanza wanakula upesi na wanazoea tangi kuliko wakubwa. Na anemoni yenyewe iacheni baharini. Huishi miaka mingi sana, na katika tangi changa haimalizi miezi.

Pia kuna suala la riziki, na sioni haya kulisema. Samaki mmoja hai, mzima, anamwingizia mvuvi fedha ambazo angehitaji kilo kadhaa za samaki wa kitoweo kuzipata. Mtu anayekula kwa samaki hai ana sababu ya kutaka tumbawe lisimame. Wapo wavuvi wa kitoweo wanaolalamika kwamba hawa wa urembo wanagusa miamba yao, na malalamiko hayo yana haki ya kusikilizwa kwenye mikutano ya BMU. Lakini kati ya wavu wa mkono na juya linalokokota kila kitu mpaka vifaranga, najua ningependa kipi kipite juu ya mwamba wangu.

Udhaifu wa njia hii unaanza samaki anapoondoka kwa mvuvi. Kama yuko kwake kwenye maji yanayopita, amekaa siku kadhaa na anakula, uko salama. Kama amekwenda kwa dalali, kutoka kwa dalali kwa muuzaji, kutoka kwa muuzaji kwako, kila mfuko umemla kidogo. Samaki wa kusafirishwa haachi kutoa amonia. Ndiyo maana mvuvi mzuri humkalisha bila chakula siku moja au mbili kabla ya safari, humtia kwenye mifuko miwili iliyovishana, maji theluthi na oksijeni theluthi mbili, gizani, ndani ya sanduku linalotunza joto. Hili la joto watu wa bara hulisahau. Asubuhi ya Julai Nairobi ni baridi kwa samaki aliyezoea nyuzi 26.

Akifika baada ya safari ndefu, usimkalishe saa mbili kwenye mfuko uliofunguliwa ukimdondoshea maji tone kwa tone. Mfuko ukiwa umefungwa, hewa chafu anayopumua hufanya maji yawe na asidi kidogo, na amonia katika asidi haimdhuru sana. Ukifungua, ile hewa inatoka, asidi inapungua, na amonia ileile inageuka sumu papo hapo. Acha mfuko uelee ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, pima chumvi ya mfuko na ya tangi la karantini, lile la kumtenga mgeni, zikaribiane, kisha mhamishe bila maji yake. Samaki wangapi wameuawa na upole wa aina ile ya kwanza!

Usichanganye samaki wa mvuvi wa pwani yetu na wa pori anayeletwa kutoka mbali. Ufilipino na Indonesia, sianidi imetumika kwa miaka mingi kuwalevya samaki wa urembo, ikipulizwa kwa chupa ndani ya matumbawe. Samaki anaamka, anang'aa, anakula, kisha anakufa baada ya wiki kadhaa, na tumbawe alilotolewa linakufa pia. Ukimtazama tangini huwezi kujua. Kwa hiyo kati ya wa pori wa hapa ninayemjua mvuvi wake na wa pori wa mbali nisiyejua alipatikanaje, huyu wa pili simchukui kwa bei yoyote.

Aliyezalishwa

Kwa samaki wa anemoni, mjadala wa uzima umeisha: aliyezalishwa ni bora kwa anayeanza. Mayai hutagwa juu ya jiwe, dume huyalinda, huanguliwa baada ya wiki moja hivi, na vifaranga hulishwa viumbe wadogo sana wa majini, rotifa kisha artemia, halafu tembe za chakula. Akifika kwako hajawahi kula kingine. Unamtupia tembe siku ya kwanza, anakula. Hajawahi kupanda kutoka kina chochote, hajawahi kuvuliwa, hajawahi kukutana na minyoo ya mwambani.

Yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe, anayependwa na watoto wote, hata si wa bahari yetu. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia. Kwa hiyo hutampata Diani hata ukizamia mwaka mzima, na ukichoka naye usimmwage baharini. Florida hadi leo wanapambana na samaki-simba wenye miiba ya sumu waliotoka upande wetu wa dunia, na kinachoshukiwa zaidi ni watu waliomwaga matangi yao.

Orodha ya wanaoweza kuzalishwa inakua. Kangaja wa njano wa Hawaii alizalishwa 2015 na Oceanic Institute, na yule wa buluu mwenye mkia wa njano, ambaye hata miamba yetu anayo, alizalishwa 2016 Chuo Kikuu cha Florida. Lakini bado ni wachache ukilinganisha na samaki waliopo mwambani, huku kwetu upatikanaji ni wa kubahatisha, na bei ya kangaja aliyezalishwa ni ya juu. Ukitaka aina yetu ya pwani yenyewe, mara nyingi lazima awe wa pori.

Wasiofaa kwa njia yoyote

Samaki kipepeo anayekula matumbawe hai peke yake atakufa njaa mbele ya chakula. Yule msafishaji mwembamba mwenye mstari mweusi, anayefungua kituo na samaki wakubwa wakapanga foleni kutolewa vidudu, hapati riziki yake tangini, na ukimtoa, foleni ile inabaki bila mhudumu. Kangaja wa buluu hafifu mwenye pezi la njano mgongoni hukua kuzidi sentimita 20, anataka kukimbia, na ugonjwa wa madoa meupe humwingia kabla ya wengine wote. Usiwavue, usiwaagize, wala usiwahurumie dukani ukawanunua, maana nafasi yao itajazwa wiki ijayo.

Wewe uchague nini?

Kama hili ndilo tangi lako la kwanza, popote unapokaa, tafuta samaki wawili wa anemoni waliozalishwa na ukae nao mwaka mzima. Usipowapata, agiza wadogo wawili wa kwetu kwa mvuvi mwenye leseni, na uwape karantini ya wiki 4 peke yao.

Ukiwa na tangi lililokomaa na unakaa pwani, mvuvi ndiye chaguo langu, hasa yule ambaye nyumbani kwake unaweza kufika. Ukiwa bara, mvuvi huyohuyo, lakini kwa mkono mmoja tu: kutoka kwake hadi kwako, bila kituo katikati.

Kuvua mwenyewe naiachia mtu wa pwani mwenye kibali, anayeongozana na mvuvi, na anayebaki kwenye maji mafupi. Akirudi mikono mitupu mara tatu asione amepoteza. Mimi nilijifunza zaidi siku zile kuliko siku niliyorudi na ndoo imejaa.

Na popote utakapofika kununua, usianze na bei. Uliza ametoka kina gani na amekaa hapa siku ngapi. Mtazame pumzi: mashavu yakipiga harakaharaka kuliko ya wenzake, mwache. Mtazame tumbo kwa mbele. Likiwa limebonyea, hajala siku nyingi. Kisha mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Muuzaji anayewajua samaki wake atainuka kuchukua chakula kabla hujamaliza sentensi.